Je, ugonjwa wa mama ni adhabu?

Pole sana kwa mama, dada yangu. Unauliza ni dhambi gani inamtesa hivi, kila siku daladala kutoka Mbagala kwenda mionzi ya saratani hospitali ya Ocean Road. Soma Yohana 9. Wanafunzi waliuliza hilohilo kuhusu kipofu, na Yesu akakataa: si yeye wala wazazi wake. Paulo naye aliomba mara 3 "mwiba" wa mwilini mwake, yaani mateso yaliyomsumbua, uondolewe; haukuondoka, akapewa neema ya kuubeba.

Mimi nilimuuguza baba. Jibu la "kwa nini" sikulipata. Ila usiku, nikimlowanisha midomo kwa pamba, Zaburi ya 88 ilinishika kuliko mahubiri yote: inaishia gizani, na bado ni sala. Msomee mama. Na yeyote asimwambie aache mionzi eti kwa imani.