Akili ipi hiyo?

Wiki hii mmeuliza: akili ya mtu huanza kuzeeka akiwa na umri gani? Mimi nina miaka 63, mpiga chapa tangu enzi za taipureta, na kabla sijajibu nawauliza nanyi: akili ipi?

Juzi nilikutana na mtu niliyefanya naye kazi miaka minane. Sura naijua, sauti naijua, hata kikohozi chake nakijua. Jina sasa! Liko pale pale ulimini, limegoma kutoka. Likanijia usiku napiga mswaki. Majina ya watu ndiyo hututoroka kwanza, kwa kuwa usoni mwa mtu hakuna kinachosema anaitwa nani. Lakini nileteeni neno gumu, mtaona vijana wa ofisini wanavyonigeukia mimi. Msamiati huendelea kuongezeka hata mtu akiwa na miaka 60 na ushee. Kasi ya kuchakata mambo, kwa upande wake, huanza kupungua mapema, tungali kwenye miaka ya 20, wakati tunajiona tumewiva.

Mwaka 1984 mtafiti Mmarekani, Timothy Salthouse, alichapisha utafiti kuhusu watu wa kazi yangu. Katika kugongagonga kidole tu, wazee waliachwa nyuma. Katika kuchapa maandishi, wapi! Walikwenda sawa na vijana. Kumbe macho yao yalitangulia vidole kwa herufi nyingi zaidi. Alipowaonyesha herufi chache tu za mbele, wakapunguza mwendo. Niliposoma hayo nikajichunguza: kweli, vidole vinamalizia “kwa mujibu wa”, macho yameshafika mwisho wa mstari.

Halafu tuwe waangalifu tunapompima babu na mjukuu siku moja tukasema tofauti yote ni uzee. Huenda mmoja alisoma miaka sita na mwenzake kumi na sita. Mtafiti mwingine, Warner Schaie, aliyeanza utafiti wake jijini Seattle, Marekani, mwaka 1956 na kuwarudia watu wale wale kila baada ya miaka saba, aliona uwezo mwingi wa akili ukishikilia hadi karibu na miaka 60.

Ila msinisemeshe nikiwa kazini. Zamani nilijibu simu huku vidole vinaendelea. Siku hizi mtu akiniuliza tu ufunguo wa kabati uko wapi, vidole vinasimama, na mstari naanza upya.