Simeoni wa Uajemi: aliuawa 341 au 344, na kwa kosa gani?

SWALI: Nafundisha katekesi parokiani. Kitabu kimoja kinasema Askofu Simeoni bar Sabbae aliuawa na mfalme Shapur II mwaka 341, kingine 344. Upi ni sahihi? Halafu kijana mmoja kaniuliza: kama ugomvi ulikuwa wa kodi, kwa nini tunamwita shahidi wa imani?

JIBU: Ndugu katekista, tuanze na huyo kijana, maana hilo la kwake ndilo zito.

Kodi ilikuwepo kweli. Shapur alikuwa vitani na Roma; mji wa Kirumi wa Nisibis peke yake aliuzingira mara tatu, 338, 346 na 350, asiupate. Vita hula fedha. Masimulizi ya Kisiria, lugha ya Wakristo wa huko, yanasema aliwatoza Wakristo kodi maradufu, akamwagiza Simeoni, askofu wa Seleucia-Ctesiphon, mji mkuu wa Uajemi, aikusanye. Simeoni akagoma: watu wake ni maskini, na yeye ni mchungaji, si mtoza ushuru.

Kwa Shapur huo ulikuwa uasi. Roma ilikwisha kuwa na makaisari Wakristo, na Konstantino kabla ya kufa mwaka 337 alikuwa amemwandikia Shapur akiwaombea Wakristo wa Uajemi. Alitaka kuwasaidia, bila shaka, ila barua ya namna hiyo kutoka kwa adui inaweza kukuponza. Kwa hiyo wahubiri wanaosimulia habari hii kana kwamba siasa haikuwemo, mimi siwaungi mkono.

Ila tazama kesi ilivyoishia. Simeoni aliambiwa alisujudie jua, ndipo apone. Kodi haikuwa tena sharti la kumwachia hai. Mtu anayeuawa kwa deni haambiwi asujudu.

Kijana wako msimulie pia habari ya Guhashtazad, towashi mzee aliyemlea Shapur. Alikuwa Mkristo, akatishwa, akaliabudu jua. Simeoni alipopitishwa mbele yake amefungwa, mzee aliinuka kumsalimu. Askofu akageuza uso, akapita. Mzee akalia, akavua mavazi yake ya heshima akavaa meusi, akarudi kwa mfalme kukana alichofanya. Akahukumiwa kifo. Ombi lake la mwisho lilikuwa mpiga mbiu atangaze kwamba hauawi kwa usaliti wala kwa kufichua siri za mfalme, bali anakufa kwa sababu ni Mkristo. Shapur akakubali, akidhani tangazo litawatia watu hofu. Hata siku zile, basi, swali la kijana wako lilikuwa midomoni mwa watu.

Sasa mwaka. Masimulizi yanakiweka kifo cha Simeoni Ijumaa Kuu, pamoja na mapadre na maaskofu wapatao mia. Shahidi wetu bora wa tarehe ni Aphrahat, mwandishi Mkristo aliyeishi humo humo Uajemi. Mwezi Agosti 345 aliandika kwamba huo ulikuwa mwaka wa tano tangu makanisa yabomolewe, na mwaka wa mauaji makubwa ya mashahidi. Ubomoaji basi unaangukia 340 au 341. Wanaokifungamanisha kifo cha Simeoni na ubomoaji husema 341. Wanaokiweka kwenye mwanzo wa yale mauaji makubwa husema 344. Naegemea 344, kwa kuwa Aphrahat anayatenga matukio hayo mawili kwa miaka, lakini sitamkosoa anayeandika 341.

Kwenye maandalio yako andika “341 au 344”. Mateso yenyewe yaliendelea, kwa vipindi, hadi Shapur alipofariki mwaka 379.