Wasomaji Wauliza: Mpelelezi Asiyehitaji Hati ya Upekuzi

SWALI: Ndugu mhariri, nimeolewa Hamburg, na kila Jumapili saa mbili na robo usiku wakwe zangu wote huketi mbele ya luninga kutazama filamu ya upelelezi. Mwanzoni nilikaa nao ili nijifunze Kijerumani. Siku hizi nakaa kwa adabu tu. Katika filamu moja, ambayo jina lake silitaji, mpelelezi alifungua mlango wa mtuhumiwa kwa kipande cha waya, akapekua makabati, akaondoka na simu, kisha akamwambia mtuhumiwa kwamba mwenzake ameshakiri, jambo ambalo halikuwa kweli. Mtuhumiwa akalia, akaeleza yote, filamu ikaisha. Baba mkwe, ambaye alikuwa polisi kwa miaka mingi, alicheka mpaka akapaliwa. Je, waandishi wa filamu hizi hawaijui kazi ya polisi, au hawajali? Na kwa nini watu waliomo humo ni kama vinyago: mjane mwenye majonzi, tajiri mwenye kiburi, mpelelezi aliyeachwa na mkewe?
Mkwe wa Hamburg

JIBU: Dada yangu, baba mkwe wako alikuwa na kila sababu ya kupaliwa. Tuanze na mlango. Nchini Ujerumani nyumba ya mtu haipekuliwi mpaka jaji atoe amri, isipokuwa pale ambapo kusubiri kungehatarisha ushahidi wenyewe, na hata hapo ni lazima sababu ya haraka hiyo iweze kuelezwa baadaye. Mpelelezi mwenye waya mfukoni hakuwa na la kueleza.

Uongo aliomwambia mtuhumiwa ni mzito zaidi. Hila hiyo imetoka Marekani, ambako mwaka 1969 Mahakama ya Juu ilikataa kuyatupa maelezo ya mtu aliyekiri baada ya polisi kumdanganya kwamba mwenzake amekwisha kukiri. Ujerumani mambo ni kinyume. Kifungu cha 136a cha sheria yao ya mwenendo wa mashauri ya jinai kinakataza kumhoji mtuhumiwa kwa kumtesa, kumchosha au kumdanganya, na maelezo yaliyopatikana kwa njia hizo hayatumiki mahakamani hata mtuhumiwa mwenyewe akiridhia yatumike. Tena tangu mwaka 2020, kwa kesi za kuua kwa makusudi, mahojiano ya mtuhumiwa kwa kawaida hurekodiwa kwa picha na sauti. Kwa hiyo mpelelezi wenu aliiharibu kesi yake dakika chache kabla ya kupongezwa, na aliiharibu mbele ya kamera.

Je, waandishi hawajui? Sheria hizi si siri, na mtu anayelipwa kuandika filamu ya dakika 90 anaweza kuzisoma kwa siku moja. Naamini wengi wanazijua na wanaziruka kwa makusudi, na si kila mruko ni kosa. Kisheria upelelezi wa jinai nchini humo huongozwa na mwendesha mashtaka, na timu inayochunguza mauaji huwa na watu wengi, kila mmoja na kipande chake cha kazi: huyu majirani, yule simu, mwingine karatasi za benki. Filamu haiwezi kutuonyesha wote hao, hivyo hutupa wapelelezi wawili wanaozungumza ndani ya gari, na mwendesha mashtaka huingia mara moja kulalamika kuhusu magazeti. Huko ni kufupisha, na mimi sina ugomvi nako. Baba mkwe wako huenda anao.

Ugomvi wangu unaanzia pale mwandishi anaporuka kizuizi ambacho kingemfaa kuliko kitu chochote alichokiweka badala yake. Hapo ndipo maswali yako mawili yanapokuwa swali moja. Mpelelezi aliyenyimwa hati na jaji hana budi kurudi kwa jirani ambaye jana alimfungia mlango, aombe radhi, anywe kahawa asiyoitaka, asikilize habari za paka, na auchunge ulimi wake ingawa saa zinakwenda. Katika nusu saa hiyo tungemjua: kama ana subira au anaigiza subira, kama anawadharau wazee, kama hasira yake ni ya haki au ya kiburi. Waya ule umemwokolea mwandishi dakika kumi na umempotezea mtu mzima. Amebaki na kile ambacho walimu wetu wa fasihi hukiita mhusika bapa, kisha ili kumpa unene akamvika talaka. Uipime talaka hiyo kwa njia rahisi: iondoe, kisha uangalie kama kuna swali hata moja ambalo mpelelezi angeliuliza kwa namna tofauti. Kama halipo, talaka ile ni pambo, sawa na koti lake la ngozi.

Washukiwa nao hugawiwa kila mmoja siri moja na uongo mmoja. Siri ikifichuka na ikaonekana kuwa ni deni au hawara tu, mshukiwa huyo hana kazi tena, na hatumwoni mpaka mwisho. Ndiyo maana watazamaji wa huko wana utani wa zamani kwamba muuaji utamtambua kwa kuangalia ni mwigizaji gani mgeni aliye maarufu kuliko wenzake. Utani huo haungekuwapo kama watu wale wangekuwa na maisha nje ya fumbo.

Nikupe mfano wa kitu ambacho sheria yenyewe humpa mwandishi bure. Ndugu wa karibu wa mtuhumiwa, pamoja na mke au mume hata baada ya talaka, wana haki ya kukataa kutoa ushahidi, na polisi ana wajibu wa kuwaambia hivyo kabla ya kuwahoji. Hebu mfikirie mama mtu mzima, ameketi jikoni kwake, anajua mwanawe alirudi alfajiri na nguo zimelowa, naye afisa anamwambia kwa sauti ya upole kwamba halazimiki kusema neno. Anaruhusiwa kunyamaza, na kunyamaza kwake kutasikika. Mwandishi angetafuta nini zaidi? Lakini katika filamu nyingi nilizoziona, mpelelezi humkaripia mama huyo, mama hulia, na anwani ya mwanawe hutolewa kabla chai haijapoa.

Sitaki udhani kwamba Jumapili zote ni hasara. Mfululizo wa Tatort, ambao nadhani ndio wakwe zako wanaotazama, ulianza mwaka 1970 na ulipita filamu 1,000 mwaka 2016, na kwa kuwa vituo vya mikoa hutengeneza kila kimoja filamu zake, zenye miji yake na wapelelezi wake, kuwahukumu wote kwa filamu moja ni kuwaonea. Mji wa Munich ulipata wapelelezi wake wawili mwaka 1991, wakazeeka mbele ya watazamaji, na uzee huo ulifanya kazi ambayo talaka haiwezi kuifanya. Kutoka Marekani mkumbuke Columbo, mpelelezi wa luninga ambaye kwa kawaida muuaji wake huonyeshwa mwanzoni kabisa. Fumbo likishaondolewa, hubaki watu wawili chumbani, mmoja ana adabu nyingi mno na mwingine ana fedha nyingi mno. Columbo naye hutega mitego ambayo wakili hodari angeipinga, lakini huvumiliwa kwa sababu kila mtego unatokana na jinsi alivyomsoma mtu aliye mbele yake.

SWALI: Nasomea uuguzi Bremen. Je, ni kweli kwamba daktari anaweza kuitazama maiti na kutaja saa ya kifo papo hapo, kama wafanyavyo kwenye luninga?
Mwanafunzi

JIBU: Hapana. Njia inayotumika sana ni kupima joto la ndani la mwili na la mahali maiti ilipokutwa, kisha kukadiria kwa jedwali linalozingatia uzito wa mwili na nguo. Hali zikiwa nzuri kabisa, kadirio hilo bado linaweza kukosea kwa saa 2.8 mbele au nyuma. Uchunguzi wa maiti wenyewe, kwa sheria ya Ujerumani, hufanywa na madaktari wawili, ingawa luninga hutuonyesha mmoja anayekula mkate kando ya meza. Hivyo lile swali maarufu la “ulikuwa wapi jana kati ya saa mbili na saa nne usiku?” lingepaswa kuanzia jioni na kuishia karibu na usiku wa manane, na mshukiwa mwenye tiketi ya sinema ya saa mbili angehitaji tiketi mbili zaidi.