Sanduku la Wasomaji: Kukiri, Kuungama, Kutubu

*Ndugu Mhariri, salaam. Kikundi chetu cha kusoma kimemaliza riwaya ya Dostoevsky, Uhalifu na Adhabu. Mhusika mkuu, Raskolnikov, anakwenda polisi kwa miguu yake na kusema kaua. Halafu kwenye sura za hitimisho tunaambiwa hajuti. Wenzangu wawili wanashikilia kwamba mwandishi kajisahau. Ni kweli? – Msomaji, Morogoro*

Hakujisahau. Mnachoshindania kina majina matatu katika lugha yetu, na mkiyatenganisha ubishi utakwisha. Kukiri ni kusema "ni mimi". Washitakiwa hukiri kila siku mahakamani bila hata chozi. Kuungama ni kuutua mzigo mbele ya mtu unayemwamini. Kutubu ni kugeuka: kuacha, kujuta, kurudisha haki ya watu. Raskolnikov anayapitia yote matatu, lakini kila moja kwa wakati wake.

Kuungama kuko sehemu ya 5, sura ya 4, chumbani kwa Sonya, binti anayemwamini. Isomeni polepole, kwa sababu siri inapofichuka hatamki sentensi tunayoingoja. Anaanza kwa kudai kwamba aliyemuua Lizaveta, mmoja wa wanawake wawili aliowaua, ni rafiki yake mkubwa. Kisha anamwambia Sonya akisie. Kisha amtazame vizuri. Sonya anafika kwenye jibu mwenyewe, kwa kuuangalia uso. Wala Sonya si msikilizaji wa kuokotwa njiani: Lizaveta alikuwa rafiki yake, walisoma Maandiko pamoja, na kile kitabu cha Injili chumbani kwake kililetwa na Lizaveta. Raskolnikov kamchagua mtu ambaye habari hiyo itamuumiza kuliko mwingine yeyote.

Sonya anampa masharti: aende njia panda, aibusu ardhi aliyoichafua, awatangazie watu wote kwamba ameua. Sehemu ya 6, sura ya 8, anapiga magoti katikati ya uwanja wa soko la Sennaya na kuibusu ardhi. Watu wanacheka. Mmoja anasema kalewa, mwingine anasema anakwenda Yerusalemu na anaaga nchi yake. Neno "nimeua" lililokuwa ncha ya ulimi linamfia mdomoni. Masharti yametimia nusu.

Kituoni nako anasitasita. Afisa Ilya Petrovich anapiga porojo, Raskolnikov anasingizia kumtafuta mtu mwingine, anateremka ngazi kuondoka. Chini mlangoni amesimama Sonya, uso umempauka. Anapanda tena. Analetewa maji, anayasukuma kwa mkono, na kwa sauti ya chini lakini ya kusikika anasema ni yeye aliyemuua yule bibi kizee mshika rehani na dada yake Lizaveta kwa shoka, akawaibia. Waliouawa, silaha, wizi: vyote ndani ya sentensi moja, hakuna sababu wala udhuru. Huko ndiko kukiri.

Kutubu bado. Anahukumiwa miaka 8 ya kazi ngumu Siberia. Mahakama inashangaa kwamba hakuwahi hata kukifungua kile kikoba alichomwibia bibi kizee na kukifukia chini ya jiwe; kilikuwa na rubo 317 na kopeki 60. Huko gerezani anaendelea kuamini kosa lake ni moja tu, kwamba alishindwa na akajisalimisha. Kugeuka kunaanza kurasa za mwisho kabisa, kando ya mto, miguuni pa Sonya. Mwandishi hamalizi safari hiyo. Anasema ni habari nyingine.

Mkirudia kusoma, mchunguzeni pia Mikolka, yule mpaka rangi. Anakiri mauaji ambayo hakuyafanya, kwa kiu ya kuteseka. Hapo kuna kukiri kusiko na kosa, na Dostoevsky kamweka kwa makusudi kabisa.

*Mhariri, shikamoo. Wanafunzi wangu wataigiza Macbeth, ile tafsiri ya S. S. Mushi ya 1968. Onyesho la Lady Macbeth akitembea usingizini linatushinda: binti anayelicheza analia kwa sauti kubwa, mikono tumempaka rangi nyekundu, na bado watazamaji wanacheka. – Mwalimu, Tanga*

Marahaba, Mwalimu. Anzeni kwa kuiosha hiyo rangi. Katika tendo la 5, onyesho la 1, mikono yake ni safi. Daktari na mtumishi wa kike wanaotazama hawaoni doa lolote. Wanaona mtu anajifikicha tu, na mtumishi anasema amewahi kumwona akifanya hivyo robo saa nzima. Damu ya kweli ilikuwa tendo la 2, onyesho la 2, usiku mumewe alipomuua mfalme Duncan, aliporudisha majambia chumbani na kuwapaka walinzi damu, kisha akamwambia mumewe kwamba maji kidogo tu yatawatakasa. Mtazamaji akiona wekundu tendo la 5, doa linakuwa la ngozi, na sentensi ile ya maji inapotea bure.

Pili, taa. Anaingia ameshika mshumaa, na mtumishi anaeleza kwamba ameamuru mwanga uwe kando yake daima. Lakini huwezi kufikicha mikono yote miwili huku umeshika mshumaa. Wekeni kimeza kifupi karibu na anapoingilia, autue bila kuangalia, kama mtu aliyezoea. Kwa usalama tumieni taa ya betri. Nguo ya kulalia yenye mikono mipana na moto wazi haviendi pamoja.

Tatu, macho. Yako wazi lakini hayaoni. Asimtazame daktari hata mara moja. Kicheko mara nyingi huanzia hapo: macho ya mwigizaji yakikutana na ya wenzake, watazamaji wanajua hajalala.

Maneno yake ni vipande vya usiku tofauti vilivyochanganyika: kengele inayogonga moja, mbili, damu nyingi ya yule mzee Duncan, mke wa mtawala wa Fife, rafiki yao Banquo aliyeuawa na kuzikwa, hodi mlangoni. Mpangieni mahali pa kila kipande jukwaani. Kengele aisikie kulia, maneno ya Banquo ayaseme kama anamtuliza mumewe aliyesimama mbele yake, hodi itoke nyuma. Akivisema vyote akiwa amesimama mahali pamoja kwa sauti moja, vinakuwa orodha.

Na kilio. Baada ya kusema manukato yote ya Arabuni hayatauondolea mkono wake harufu, anatoa "oh" tatu. Daktari anasema mara moja jinsi alivyoshusha pumzi kwa uzito. Basi ni pumzi, siyo ukelele. Mfundisheni azitoe zikipungua, ya tatu isikike kwa shida. Mtu huyu anaungama kila kitu bila kujua kwamba anasikilizwa, na ukimya ndio unaotisha.

*Katika riwaya ya Hawthorne ya 1850, ile ya herufi nyekundu, Mchungaji Dimmesdale anawaambia waumini wazi kwamba yeye ni mwovu kuliko wote. Kwa nini bado aitwe mnafiki? – Msomaji, Mombasa*

Kwa sababu anajua watakavyomwelewa. Sura ya 11 inasema hivyo bila kuficha: anajiita mchafu kwa maneno ya jumla, waumini wanamwona mnyenyekevu, heshima inapanda. Ametumia ukweli kudanganya. Kilichokosekana ni jina la Hester aliyezini naye, la mtoto wao Pearl, na tendo lenyewe. Linganisheni na sentensi ya Raskolnikov hapo juu. Kwa miaka 7 Hester amebeba peke yake aibu ya wawili. Dimmesdale anapanda jukwaa la adhabu mchana, mbele ya watu, akimwegemea Hester na kumshika Pearl mkono, sura ya 23 tu.

*Katika tamthilia ya Shakespeare, kwa nini Hamlet hamuui Claudius, ami yake aliyemuua baba yake, anapomkuta akisali? – Msomaji, Bujumbura*

Anaogopa kumpeleka peponi aliyeuawa katikati ya toba. Lakini toba haipo. Claudius mwenyewe anajiuliza kama mtu aweza kusamehewa huku bado anamiliki alichokipata kwa dhambi, na anavitaja: taji, tamaa yake, malkia. Hana nia ya kurudisha hata kimoja. Anapoinuka anakiri kwamba maneno yamepaa, mawazo yamebaki chini. Hamlet ameshaondoka, hakuyasikia.