Barua kwa mwanangu: siku ya kwenda Mbudya

Zuhura mwanangu,

Waalaykum salaam. Sisi huku Tanga hatujambo, mama yako anakusalimu.

Umeniuliza: fildi, yaani mafunzo yenu ya vitendo huko Dar es Salaam, inaisha mwisho wa Septemba, mko kumi na wawili, wengi wametoka Mbeya na Songea na bahari wameiona kwa dirisha la basi tu, mnataka siku moja ya pwani kabla hamjatawanyika, mwende wapi? Naona mmetangulia kuuliza wapi kabla ya kuuliza lini. Anzeni na lini.

Msichague siku kwa sababu posho imeingia. Chagueni kwa maji. Pwani ya Dar es Salaam maji hujaa mara mbili kwa siku na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hupwa yapata saa nne asubuhi na kujaa yapata saa kumi jioni, na kati ya kupwa na kujaa kimo hupishana zaidi ya mita 3. Hizo ndizo siku ambazo watu wa bara hufika Kunduchi asubuhi, taulo begani, wakakuta bahari imekwenda zake, mbele yao mchanga, majani na matope, na boti imelala ubavu. Ninyi mnataka maji yanayojaa adhuhuri. Tazama kalenda ya Kiislamu: tarehe 8 hadi 10, na tena 23 hadi 25, hujaa kati ya saa tano na saa saba mchana. Kisha hakikisha kwenye jedwali la maji la bandari ya Dar es Salaam. Lipo hata kwenye simu.

Halafu msiache iwe wikendi ya mwisho. Wiki ya mwisho ni ya kusainiwa kitabu cha kumbukumbu, kugongewa mhuri na kumfukuzia msimamizi ambaye ghafla yuko safarini. Nendeni wikendi inayotangulia, na fomu ziwe zimeshaanza kuzunguka.

Sasa wapi. Kisiwa cha Bongoyo boti zake huondoka Msasani. Kisiwa cha Mbudya boti huondokea Kunduchi, na safari yake ni fupi zaidi. Vyote viwili ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975. Mimi kwa kundi lenu ningekwenda Mbudya: ufuko wake unaotazama bara umekingwa dhidi ya kusi, yaani upepo wa kusini, una mabanda ya kivuli, na anayetapika kwenye boti hateseki muda mrefu. Upande wa pili wa kisiwa, unaotazama bahari kuu, kuna miamba na mawimbi; hapo nendeni kupiga picha, si kuoga. Kila mmoja abebe kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni. Chukueni risiti. Makombe na matumbawe yaacheni palepale, hata yaliyokufa. Ni marufuku kuyachukua.

Boti. Patana bei ya kwenda na kurudi kwa kundi zima, si kwa kichwa, ulipe nusu na nusu mkishateremka Kunduchi jioni. Ukilipa yote asubuhi, nahodha anaweza kupata abiria wengine nanyi mkamngoja kisiwani. Kabla ya kupanda hesabu majaketi ya kuokolea maisha: kumi na mawili ya abiria, na ya mabaharia juu yake. Kila mtu alivae na kulifunga. Jaketi la kukalia halijamwokoa mtu. Tazama kama kuna nanga, kasia, dumu la mafuta ya akiba na chombo cha kutolea maji yakiingia botini. Nahodha akikasirika kwa kukaguliwa, tafuteni mwingine, wapo wengi.

Ondokeni saa tatu asubuhi. Septemba kusi imeanza kulegea, asubuhi bahari huwa shwari, lakini upepo hupanda mchana. Saa tisa muwe mmeshapanda boti ya kurudi; kwa tarehe nilizokutajia maji yatakuwa bado yana kina cha kuifikisha boti pwani.

Sasa la kuoga, na hapa unisikilize. Asiyejua kuogelea asivuke kiuno, na pale pale kiunoni awe na mwenzake. Maji hayapungui kwa mwendo mmoja. Yakipwa mita 3 kwa saa sita, saa ya kwanza hushuka kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, kisha yanapunguza tena. Saa hizo mbili za katikati ndizo mkondo huvuta kwa nguvu, hasa kwenye ncha za kisiwa. Aliyekokotwa asishindane na mkondo. Aogelee sambamba na ufuko mpaka autoke, ndipo arudi. Mvae viatu vya plastiki, maana penye mawe kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Mwiba ukivunjikia ndani usiukamue. Loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika; watu wa pwani hupaka utomvu wa papai bichi. Kwenye mchanga tembeeni mkiburuta miguu, samaki aitwaye taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, aliyejifukia asikie na kuondoka. Konyeza, yule mnyama wa baharini laini kama uteute, akikuchoma, suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba.

Chakula: kisiwani mnaweza kuagiza samaki na chipsi, lakini agizeni mkishuka tu, kwani mkingoja njaa, mtakula wakati wa kuondoka. Mkibeba chenu, kilo 2 za mchele zinawatosha. Pikeni pilau, si wali wa nazi, huo utachacha kabla ya saa saba. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu. Bebeni pesa taslimu, kwani simu ikilowa au mtandao ukikata, hata mchuuzi mwenye huruma hakukopeshi.

La mwisho ni mchango. Watakaosema ndiyo ni kumi na wawili, watakaolipa ni tisa. Gawa gharama ya boti kwa tisa tangu mwanzo, na wote wakilipa, ziada ni ya samaki. Weka siku ya mwisho ya kulipa, siku tano kabla, na usimlipie mtu kwa ahadi.

Mkishapata tarehe niandikie, nikutazamie maji kabla hamjamlipa nahodha.

Baba yako