Jeni za saratani ya matiti hazina mwenyewe tena

Bado wapo wanaosema kuna kampuni inayomiliki BRCA1 na BRCA2, jeni ambazo zikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya matiti, kwa hataza (haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutumia uvumbuzi wake). Hapana, hiyo imepitwa na wakati. Mahakama ya Juu ya Marekani iliufuta umiliki huo tarehe 13 Juni 2013 katika kesi dhidi ya Myriad Genetics, kampuni yenyewe, majaji wote 9 kwa kauli moja. Hukumu ipo wazi mtandaoni na si ndefu, niliisoma yote. Hoja ya Jaji Thomas, aliyeiandika, ni nyepesi: jeni ilikuwemo mwilini kabla yako, kwa hiyo kuikata na kuitenga na DNA nyingine hakukufanyi mvumbuzi, hata kama kuitafuta kulikugharimu miaka. (Jaji mwenzake, Scalia, aliunga mkono, ila akagoma kutia sahihi maelezo ya biolojia, akisema mambo hayo hana ujuzi nayo. Nilicheka.) Kabla ya hapo kipimo cha Myriad cha jeni hizo kilizidi dola 3,000, siku ileile ya hukumu maabara nyingine zikatangaza vyao kwa bei ya chini.

Ila usiseme hataza za jeni zimekwisha kabisa. cDNA, ile inayotengenezwa maabara kwa kunakili RNA (nakala ya jeni inayotengenezwa na seli) iliyokwisha kuondolewa vipande visivyotumika, majaji waliiacha ipewe hataza. Australia mwaka 2015 ilikaza zaidi, ikaikataa hata hiyo. Ulaya ndiyo kinyume: kwa mwongozo wao wa 1998, jeni iliyotengwa bado inaweza kupata hataza, mradi matumizi yake yaelezwe.