Mama yuko kwenye mashine ya figo, wanamwambia "tolea mateso". Atolee nini?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu Mama, na shikamoo. Mama yangu figo zimefeli tangu mwaka juzi, anaenda mashine mara tatu kwa wiki, masaa manne kila tukienda, na mimi ndo nampeleka maana wenzangu wote wameolewa mbali. Maji anapimiwa kwa kikombe kama mtoto. Mkono wa kushoto una fistula, yaani mshipa waliouunganisha wa kuchomekea mipira ya mashine, ukiugusa unavuma, hivo rozari anaishika kulia. Sasa juzi jumuiya ilisali kwetu, mama mmoja akamwambia mbele ya watu, huo ni msalaba wako, tolea mateso, Mungu anakupenda ndo maana anakujaribu. Mama akaitikia amina, walivyoondoka akageukia ukutani akalia, akaniuliza nimemkosea nini Mungu? Nilikosa jibu. Na ajabu, tukifika hospitali kuna kijana wa chuo kitanda cha pili, mama anamuulizia yule kabla hata hajakaa, yaani yeye mwenyewe hoi ila anataka kujua kijana kala au hajala. Mimi hata rozari imenishinda siku hizi. Kutolea mateso ni nini hasa? – Binti, Morogoro

JIBU: Milele amina, na marahaba mwanangu. Nianze na swali la mama maana ndo linalouma. Hajamkosea Mungu chochote cha kulipwa figo. Wanafunzi walimuuliza Yesu kuhusu yule kipofu, nani katenda dhambi, huyu au wazazi wake? Akawajibu si huyu wala wazazi wake, ipo Yohane sura ya 9, msomee leo jioni. Na Ayubu je? Wale rafiki zake watatu walikuja na maelezo yao safi kabisa ya kwa nini anateseka, mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, anasema Ayubu ndo kasema sawa, Ayubu huyohuyo aliyelalamika kurasa na kurasa. Kwa hiyo mama akilia ukutani asidhani ameacha kusali. Yesu msalabani alisali Zaburi ya 22, mbona umeniacha.

Huyo mama wa jumuiya simlaumu sana, neno hilo kalirithi kwa bibi yake. Ila ni neno kama sindano, hapigi kila mtu. Mgonjwa mwenyewe ndo anasema natolea, wewe mzima uliyekuja kwa miguu yako na ukitoka hapo unaenda kunywa maji yako mpaka ukate kiu huwezi kumtolea mwenzio kiu yake. Na Kanisa halijawahi kusema maumivu ni kitu kizuri, ingekuwa hivo wamisionari wasingehangaika kujenga hospitali Peramiho na Ndanda. Hata Yesu kule Getsemani aliomba kikombe kile kimwepuke.

Sasa kutolea. Paulo anawaandikia Wakolosai (1:24) kwamba kwenye mwili wake anatimiliza yaliyopungua ya mateso ya Kristu kwa ajili ya Kanisa. Si kwamba msalaba ulikosa kitu, ni kwamba Kristu ametuachia nafasi ya kuingia humo pamoja nae. Papa Yohane Paulo II aliandika barua nzima kuhusu hili, Salvifici Doloris, tarehe 11 Februari 1984, hata miaka mitatu haijaisha tangu apigwe risasi Uwanja wa Mtakatifu Petro, kwa hiyo alikuwa anaongea kitu anachokijua. Anasema Kristu hakujibu "kwa nini" yetu kwa nadharia, alisema nifuate, na anasema pia mateso yapo ili yafungulie upendo. Kinachotolewa ni huo upendo. Figo mbovu Mungu azifanyie nini?

Na hapo ndo nataka usome tena barua yako. Yule kijana wa chuo! Mama yako masaa manne damu inazunguka kwenye mipira, na akili yake iko kitanda cha pili. Amekuwa akitolea siku zote, ila hakuna aliyemwambia kwamba hicho ndo chenyewe. Mwambie wewe.

Ila usitegemee ataacha kuumia. Mtakatifu Josefina Bakhita aliibwa kwao Darfur, Sudan, akiwa mtoto, akauzwa na kuuzwa tena, baadae akawa sista Italia na akawasamehe waliomtesa. Lakini siku za mwisho kabla hajafa Februari 1947, homa imempanda, alikuwa anamwomba muuguzi amlegezee minyororo, ni mizito. Mtakatifu kabisa, na minyororo bado ilikuwa inamuuma.

Na wewe binti, Simoni wa Kirene hakujitolea, alikuwa anatoka zake shamba wakamkamata abebe msalaba, na bado yupo kituo cha 5 cha Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresima. Rozari ikikushinda sali fungu moja ulale. Alafu nenda kwa mwenyekiti wa jumuiya umwambie bila aibu, tunahitaji mtu wa kumpeleka mama mashine siku moja kwa wiki. Ikiwezekana aanze yule yule wa "tolea mateso". Na atakayewaambia imani ikitosha mashine iachwe, mfungulieni mlango atoke.

SWALI: Bibi yetu ana miaka 81, anaumwa moyo, tunaogopa kumwita padri ampake mafuta maana akimwona atajua ndo mwisho. Tusubiri azidiwe? – Mjukuu, Moshi

JIBU: Msisubiri. Mpako wa Wagonjwa si tiketi ya kufia, ni wa mtu anayeumwa sana au mzee aliyedhoofu, na akizidiwa tena anapakwa tena. Yakobo 5:14 anasema mgonjwa awaite wazee wa Kanisa, sasa bibi ataitaje akiwa hajitambui? Mpigieni paroko wiki hii. Tandikeni kitambaa cheupe mezani, mshumaa na msalaba, mumvalishe gauni lake la Jumapili, na mumwambie kabla padri hajafika, asishtukizwe. Nahisi atawauliza mbona mmechelewa.